Mwajuma, hiyo Excel sikutengenezei

Isevya, Tabora

Kwako shoga yangu Mwajuma,

Salamu nyingi kama mchanga wa Kibirizi, huko kwenu Kigoma. Sisi huku hatujambo, hofu ni kwenu huko. Mama Sikujua anakusalimu, anasema deni la kitenge bado analikumbuka, usidhani limekufa. Haya, salamu zitoshe, maana umetaka jibu kabla dirisha la maombi ya mkopo halijafunguliwa na wanafunzi hawajakujazia kibaraza cha steshenari.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, na kelele za lile jenereta la jirani. Nimesikia mawili makubwa. Flashi za wateja zinageuka shotikati tupu, zile ikoni za njia ya mkato, zikishachomekwa kwako. Na unaomba nikutengenezee faili la Excel lenye imeili unazowafungulia wateja na nywila zao, nilifunge kwa ufunguo, ili lile kaunta buku unamoziandika lipumzike. La flashi nakujibu hapo chini. La Excel sikutengenezei, na usiseme ni uvivu.

Tuanze na ufunguo wenyewe. Ule aliokuonyesha fundi wako Mashaka, wa “Protect Sheet”, haufichi kitu. Faili la Excel, lile lenye mwisho wa xlsx, ni kifurushi cha zip tu. Ukibadili herufi zake za mwisho kuwa zip ukalifungua, ndani unakuta kila ukurasa umeandikwa waziwazi, na kuna kipande kimoja kinaitwa sheetProtection. Kikifutwa hicho, kwaheri kufuli. Kufuli la kweli liko File, halafu Info, halafu “Protect Workbook”, halafu “Encrypt with Password”. Hilo linasimba faili zima, yaani lisisomeke bila nywila, na nywila ikiwa ndefu si kazi ya mtoto kulivunja. Ila linalilinda faili likiwa limefungwa. Wewe utalifungua asubuhi na kulifunga jioni, juu ya mashine ile ile inayopokea flashi za Mwanga nzima mpaka za Ujiji. Kirusi kikiwa ndani, ukisoma nacho kinasoma.

Haya, tuseme mashine ni safi. Bado sioni kwa nini nywila za watoto wa watu zilale kwako.

Najua utakachonijibu: wenyewe ndio wanaosahau, wanarudi baada ya miezi wanalia, na wewe unawasaidia. Ni kweli wanasahau. Lakini watakumbukaje kitu ambacho hawakukitunga wao? Umewatungia wewe: jina la mtoto, mwaka wa kuzaliwa, alama ya mshangao. Wote hivyo hivyo! Mwenye kuijua moja anazijua zote, hahitaji hata kuiba daftari. Na ile picha ya ukurasa uliyonitumia ifute kwenye simu yako, kwangu nimeshaifuta.

Kisha namba ya simu. Kila imeili unayofungua unaweka namba yako kuwa ya uokozi. Mtoto kapata chuo Dodoma, saa nne usiku anaingia kwa simu mpya, Google haimjui, inatuma tarakimu sita kwenye namba ya uokozi. Zinafika Mwanga, na wewe umelala. Ukija kuiacha laini hiyo, kampuni itaifunga na baadaye namba itauzwa kwa mtu mwingine, na huyo asiyejua hili wala lile ndiye atakayekuwa anapokea funguo za wateja wako. Tena Google haikubali namba moja ifungue akaunti bila mwisho. Inafika mahali inakataa, inasema namba imetumika mara nyingi mno. Ndiyo hayo maandishi mekundu uliyoniuliza. Mtandao wako hauna kosa.

Na laini imesajiliwa kwa alama za vidole vyako, bibi. Imeili moja ikitumika kutapeli watu, wa kwanza kuulizwa ni mwenye namba. Zaidi ya hapo kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu inayojulikana, zisikae kuliko zinavyohitajika, na zilindwe. Steshenari inayoskani vyeti vya kuzaliwa na namba za NIDA inakusanya taarifa za watu, hata kama ni kontena lenye meza mbili.

Sasa ufanyeje. Mteja mwenye simu janja, mfungulie imeili kwenye simu yake, siyo kwenye kompyuta yako. Nywila aandike yeye, wewe geuza uso. Namba ya uokozi iwe yake au ya mzazi. Simu yake itabaki imeingia, kwa hiyo hata akisahau nywila, imeili bado anaiona. Mwambie tu aifungue mara kwa mara, maana Google ina utaratibu wa kufuta akaunti isiyotumika kwa miaka miwili.

Akilazimika kutumia kompyuta yako, usimfungulie Chrome unayoitumia wewe. Bonyeza ile alama ya mtu juu kulia, chagua “Guest”. Dirisha hilo likifungwa, kila alipoingia panafutika na hakuna nywila inayobaki. Ila alichopakua kinabaki kwenye Downloads, na hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Na kwenye Chrome yako, zima kile kiswali cha kutaka kuhifadhi nywila, kizime kabisa, maana kijana wa zamu akiwa na haraka atabonyeza “Save” bila kusoma.

Mwenye kitochi, mpe kikaratasi na kalamu. Aandike kwa mkono wake imeili, nywila na namba ya uokozi, aende akakiweke nyumbani pamoja na cheti cha kuzaliwa. Usicheke. Karatasi iliyo sandukuni kwa mama yake, mwizi wa mtandaoni haifikii. Lile buku lako liko mezani, kila anayesubiri fotokopi analiona.

Nywila yenyewe iwe maneno manne yasiyohusiana, kama mgebuka, ngazi, kesho, kibatari. (Siyo hayo, hayo nimeshayaandika.) Urefu unasaidia kuliko kupachika alama ya mshangao. Na habari ya kumwambia mtu abadili kila miezi mitatu iache. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, tangu 2017 inashauri watu wasilazimishwe kubadili bila sababu, kwa kuwa mtu akilazimishwa anaongeza moja mwishoni na kuendelea na maisha. Sababu ikiwepo, kama nywila kuwa kwenye daftari la dukani, hapo anabadili leo leo.

Kuna na kitu unachoweza kukilipisha halali. Akaunti ikiwashwa uhakiki wa hatua mbili (nywila kwanza, kisha uthibitisho wa pili), Google inampa mtu namba kumi za akiba, kila moja ina tarakimu nane na inatumika mara moja tu. Siku amepoteza simu, hizo ndizo zitakazomwingiza. Mchapie, mlaminetie, halafu futa faili mbele ya macho yake. Hiyo ni huduma, siyo kushikilia funguo za mtu ukisema unamtunzia.

Flashi. Vitu havijapotea, waambie wateja wasilie. Kirusi cha namna hiyo kinayaficha mafaili halisi, kinaweka mahali pake shotikati zenye jina lile lile na ikoni ile ile, ukibonyeza mara mbili unakiamsha na folda inafunguka kama kawaida, usishtuke. Sio kule kuchomeka kunakoambukiza kompyuta, maana Windows iliacha zamani kuendesha programu ya flashi yenyewe. Ni kubonyeza. Safisha kompyuta kwanza, ukianza na flashi itaambukizwa tena hapo hapo.

Kwa hiyo: chomoa flashi zote. Fungua Task Manager, tafuta wscript.exe, ile inayoendesha mafaili ya vbs, ikiwepo izime. Bonyeza Windows na R, andika shell:startup, futa humo kila usichokitambua, hasa chenye mwisho wa vbs (kifaili cha amri) au lnk (shotikati). Kisha Windows Security, “Scan options”, chagua Microsoft Defender Offline. Mashine itajizima, itawaka na kujikagua kama robo saa kabla Windows haijaamka, na hapo kirusi hakina pa kujificha. Usifanye umeme ukiwa wa kusuasua.

Ikishakuwa safi, chomeka flashi, angalia imepewa herufi gani, tuseme E. Usibonyeze kitu ndani yake. Fungua cmd, lile dirisha jeusi la amri, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Acha imalize. Folda zitajitokeza, ndipo ufute shotikati na kile kifaili cha vbs. Mara nyingine unakuta folda moja isiyo na jina kabisa. Usiifute! Ndimo kirusi kilimosomba kila kitu. Na wateja wa kawaida wazoeshe kukutumia kazi kwa WhatsApp ya duka, PDF. Flashi ibaki kwa wenye mafaili makubwa.

Jingine la mashine: kazi za kila siku zifanyike kwenye akaunti ya kawaida, ile ya msimamizi iwe na nywila unayoijua wewe peke yako. Haizuii kila kitu, lakini kirusi kikiingia kwa kijana wa zamu hakipati ruhusa ya kumzima mlinzi, yaani Defender.

Mashaka sasa. Anataka kupiga Windows upya na kuiamsha bila leseni, kwa programu ya njia za panya. Muulize hatua ya kwanza ya hiyo programu ni ipi. Atakwambia zima Defender. Yaani unamtoa mlinzi ili umkaribishe usiyemjua, na ndani ya programu za aina hiyo wameshakutwa wezi wa nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Kama mashine ilikuja na leseni yake, Windows ikipigwa upya toleo lile lile inajiamsha ikipata intaneti, haihitaji mganga.

Habari ya kwamba Windows 10 imekufa, nusu ni kweli. Microsoft ilifunga huduma yake 14 Oktoba 2025, lakini mashine iliyofika toleo la 22H2 inaweza kuandikishwa ipate viraka vya usalama mpaka 13 Oktoba 2026, tena bila malipo ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu nakala za mipangilio. Nenda Settings, Windows Update, utaona pa kujiandikisha. Mashine yako, Core i5 ya kizazi cha nne, Windows 11 haiitaki, usikubali kulazimishiwa. Baada ya hapo tutaweka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, printa ikikubali. Kwa sasa hela yako weka kwenye SSD, diski ya kasi, ya GB 240, na RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ifike GB 8. RAM yako ni aina ya DDR3, wakikuletea DDR4 rudisha, pengo lake limekaa kwingine na haitaingia hata ukisukuma.

UPS, kile kisanduku cha betri: kichomekwe kompyuta na kioo chake tu. Printa ya leza itoe humo leo, ikipasha moto inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, ndiyo maana UPS inapiga kelele na kuzima kila mara mtu anapochapa.

Turudi kwenye kaunta buku, maana sijamaliza nalo. Usilichane leo. Wapigie wenyewe, waje kidogo kidogo. Kila mmoja akifika, aingie kwenye akaunti yake, sehemu ya usalama, aweke namba yake, aondoe yako, abadili nywila, kisha atazame orodha ya vifaa na kuiondoa kompyuta yako humo. Ndipo umkate kwenye daftari kwa wino mzito. Wakiisha, choma. Wasiopatikana... hao sijui, tutazungumza, ila buku likae nyumbani kwako kabatini, siyo mezani.

Na vyeti vilivyojaa Desktop! Ile picha nyingine, ya kompyuta yako, ilionyesha hata cheti cha kidato cha nne cha mtu, namba ya mtihani inasomeka. Tengeneza folda moja ya leo, kila kilichoskaniwa kiende humo, jioni ifutwe kwa Shift na Delete. Downloads iwekee Storage Sense, ijisafishe kila siku. Mteja akitaka umtunzie, mtumie kwenye imeili yake, si ameshakuwa nayo?

Sasa nijibu. UPS yako ni VA ngapi? Printa ni Canon ile ile au umebadilisha? Mashine ina kibandiko cha leseni ya Windows ubavuni au kimebanduka? Kijana wa zamu ni yule mdogo wake Zaituni au mwingine? Umeshamlipa Mashaka chochote, na kiasi gani? Daftari lina kurasa ngapi zilizojaa? Mama mguu unaendeleaje, na dagaa zimeshuka bei au bado mnatukomoa? Naweza kukutumia flashi yenye Windows safi kutoka kwa Microsoft wenyewe pamoja na SSD, kuna mtu wa basi anakuja huko Jumamosi, lakini sinunui kitu mpaka unipigie picha ya lebo iliyo juu ya RAM uliyonayo.

Ni mimi shoga yako,
Hadija