Reli ya Musongati itarudi na nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu Burundi. Mwandishi alitaja eneo la nchi, idadi ya watu, mazao ya biashara na jina la rais, kisha akafunga kwa kusema kwamba umaskini wa Burundi unatokana na kukosa bahari, na kwamba reli inayojengwa kutoka Uvinza, mkoani Kigoma, hadi Musongati, ndani ya Burundi, itaumaliza. Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka hapa Kigoma, na wateja wangu wengi wako Burundi, ng'ambo ya mpaka wa Manyovu. Hoja hiyo siikubali. Inawatwisha milima na ramani lawama ambayo ina wenyewe.

Mlango wa bahari Burundi imekuwa nao kwa zaidi ya miaka mia moja. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1921, Waingereza wakiwa wameshika Tanganyika na Wabelgiji wameshika Ruanda-Urundi (Rwanda na Burundi za leo), walitiliana saini mkataba uliowapa Wabelgiji maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Wazee wa huku bado wanayaita Belbase. Mzigo ulishuka Dar es Salaam, ukapanda treni hadi Kigoma, ukavuka Ziwa Tanganyika kwa meli hadi Bujumbura. Leo Burundi imetengewa hata eneo katika bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani. Safari ni ndefu na gharama ni kubwa, hilo sikatai. Kwa barabara, kutoka Dar es Salaam hadi Bujumbura ni zaidi ya kilomita 1,600. Lakini Rwanda nayo haina bahari, nayo inatumia bandari hiyohiyo kupitia mpaka wa Rusumo, na vituo vyake vya mafuta havikauki wiki baada ya wiki kama vya Burundi.

Kwenye jiografia mwandishi wenu alipita haraka mno, na hapo ndipo angeona uzito wa mambo. Burundi ina kilomita za mraba 27,834. Ni ndogo kuliko Mkoa wa Kigoma. Sasa weka watu: Kigoma, kwa sensa ya 2022, ina watu milioni 2.47, Burundi ina zaidi ya milioni 12. Maana yake ni zaidi ya watu 400 kwa kila kilomita ya mraba, na walio wengi wanaishi kwa jembe. Ukitoka Bujumbura, kwenye tambarare ya Imbo kando ya ziwa, unapanda mteremko mkali wa Mumirwa hadi kwenye mgongo wa milima unaogawa maji ya Kongo na ya Nile. Kule Rutovu kuna chemchemi inayohesabiwa kuwa chanzo cha Nile cha kusini kabisa, na juu yake pamejengwa piramidi ndogo tangu 1938. Upande wa pili nchi inateremka polepole kwenye vilima vya Kirimiro na Buyogoma hadi Kumoso, mpakani na sisi, kwenye joto na miwa. Warundi hawakuzoea kukaa vijijini kama sisi tuliopitia ujamaa. Kila ukoo una kilima chake, nyumba imezungukwa na migomba, na shamba linaanzia mlangoni. Baba akifa, shamba linagawanywa kwa wana. Wana nao wakizaa, linagawanywa tena. Ndiyo maana mahakama zao zimejaa kesi za ardhi, na ndiyo maana mtu anayetaka mwanawe aishi vizuri kuliko yeye hana budi kupata kipato nje ya shamba.

Kipato hicho kinahitaji biashara, na biashara inahitaji dola. Hapa ndipo palipooza, Mhariri, na makala yenu haikupagusa hata kwa sentensi moja.

Burundi ina bei mbili za dola. Ya kwanza ni ya benki kuu. Mei 2023 faranga ilishushwa thamani, bei ya dola ikapanda kwa asilimia 38 hivi, na tangu hapo bei hiyo ya serikali imekuwa ikikaribia faranga 3,000 bila kuifikia. Ya pili ni ya mtaani, ambayo mwaka 2025 ilivuka 7,000. Muuza kahawa wa nje anayeleta dola 1,000 nyumbani kwa njia halali anapewa faranga zisizofika milioni 3. Jirani yake aliyevusha kahawa usiku, akauza upande wa pili na kubadili fedha kichochoroni, anarudi na milioni 7. Anayebahatika kuuziwa dola kwa bei ya serikali hahitaji kuagiza kitu chochote. Akiigeuza tu mtaani amepata zaidi ya mara mbili. Katika hali hiyo mwaminifu ndiye anayetozwa faini. Dola zinakimbia benki, na kila dola inayokimbia inapandisha ile bei ya mtaani.

Matokeo yake tunayaona Kigoma kwa macho. Mafuta yanauzwa Burundi kwa bei iliyopangwa na serikali, lakini kuyaagiza kunahitaji dola ambazo benki haina. Kazi ya kuagiza ilikabidhiwa Regideso, ambalo ni shirika la maji na umeme, baadaye ikaundwa kampuni ya Sopebu, na bado magari yanalala kwenye foleni. Kwa hiyo watu wanakuja huku na madumu. Wengine huenda Uvira, upande wa Kongo, kila vita vinapowapa nafasi. Petroli inayouzwa mtaani Bujumbura ina bei ambayo mwalimu hawezi kuigusa. Basi likikosa mafuta, mchicha wa Kayanza unaozea Kayanza, na Bujumbura mchicha unapanda bei. Mteja wangu anayenunua mchele kwa shilingi za Tanzania ameanza kwa kununua shilingi kwa bei ya mtaani, akalipia lori lenye mafuta ya mtaani, na mlaji wa mwisho Gitega anayabeba yote hayo kwenye sahani moja ya wali. Bahari haikuhusika popote hapo.

Kahawa ilipaswa kuwa jibu. Ni arabika safi ya milimani, ya Ngozi na Kayanza, inayooshwa kwenye vituo maalumu, na wanunuzi wa Ulaya na Marekani wanaijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mwaka mzuri ulitoa zaidi ya tani 30,000. Siku hizi hata nusu yake ni shida kuifikia. Miti imezeeka, hilo ni kweli. Vita vilivyoanza 1993 viliharibu mengi. Sekta ikabinafsishwa, kisha serikali ikairudisha mkononi mwake kupitia mamlaka ya Odeca. Ila mkulima anayepangiwa bei kwa faranga, akalipwa kwa kuchelewa huku faranga ikiendelea kupungua nguvu mfukoni mwake, ana sababu gani ya kukatia na kupalilia mibuni? Akiing'oa akapanda maharage, angalau watoto watakula. Chai inajikongoja. Dhahabu inaongoza mauzo ya nje katika baadhi ya miaka, lakini ni bidhaa inayovushwa kwenye soksi.

Nani wa kuuliza haya? Katiba ya Burundi, kwa maandishi, ni kazi ya fikra nzito, na sisi Watanzania tuna mkono ndani yake. Mazungumzo ya Arusha yaliongozwa na Mwalimu Nyerere hadi alipofariki Oktoba 1999, akayapokea Mandela, na mkataba ukasainiwa tarehe 28 Agosti 2000. Nchi iliyokuwa imezika watu wake katika mauaji ya kikabila ya mwaka 1972 na tena tangu 1993, baada ya Rais Ndadaye kuuawa, ilikubaliana kugawana madaraka kwa hesabu: Bungeni Wahutu asilimia 60 na Watutsi 40, Seneti nusu kwa nusu, Watwa viti vyao, wanawake wasiopungua asilimia 30. Hesabu hizo zimedumu, nami naziheshimu. Marekebisho ya 2018 yaliongeza muhula wa rais hadi miaka saba na kurudisha cheo cha waziri mkuu. Évariste Ndayishimiye aliapishwa Juni 2020, siku chache baada ya Pierre Nkurunziza kufariki. Mji mkuu wa kisiasa umehamia Gitega, Bujumbura ikabaki ya biashara. Mikoa 18 imekuwa mitano, na tarafa 119 zimekuwa 42.

Lakini katika uchaguzi wa Juni 2025 chama tawala, CNDD-FDD, kilichukua viti vyote 100 vilivyogombewa. Vyote. Ndani ya Bunge hilo hakuna chama cha upinzani kilichopata kiti kwa kura za wananchi. Atasimama nani kudai orodha ya waliouziwa dola kwa bei ya serikali, na walizifanyia nini? Mpango wa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa Julai 2023, wa dola milioni 271 hivi, ulikwama, na suala la bei hizi mbili ni sehemu ya mkwamo huo. Najua kuunganisha bei kutaumiza watu kabla ya kuwasaidia. Siwezi kuwalaumu viongozi wanaoogopa bei ya mkate. Ninachowalaumu ni ukimya.

Sasa turudi kwenye reli. Naifurahia kwa moyo wote. Ni takribani kilomita 282, kazi ilizinduliwa Agosti 2025, na itauunganisha mlima wa Musongati na njia ya Uvinza hadi bandarini. Nikeli ya Musongati inajulikana tangu miaka ya 1970. Mwaka 2014 uchimbaji ulizinduliwa kwa sherehe, kisha kukawa kimya. Madini adimu ya Gakara yaliuzwa nje kuanzia 2017, hadi serikali ilipoyasimamisha 2021 ikisema nchi inapunjwa. Kudai mgao wa haki ni haki yao kabisa. Nasi Watanzania tulipigania hivyohivyo kwenye makinikia, ule mchanga wenye madini. Swali langu ni hili: treni itapanda na saruji, unga, mbolea na mafuta, na ikiteremka itabeba nini? Kama mauzo ya nje yanaendelea kuadhibiwa na bei ya dola, itateremka mabehewa matupu, na deni la ujenzi litalipwa kwa fedha za kigeni zilezile zisizopatikana. Reli itakuwa mfereji wa kuingiza tu.

Hili linatuhusu sisi moja kwa moja. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Upande wa Kongo ni vita na wakimbizi. Mlango uliobaki wa uhakika ni wetu: Kobero na Kabanga, Mugina na Manyovu, na bandari ya Kigoma. Tuna ndugu huko. Kuna waliokuja 1972 wakaishi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao wakapewa uraia wa Tanzania. Ukishuka Rumonge au ukaingia Buyenzi, Bujumbura, unazungumza Kiswahili tangu asubuhi hadi usiku. Tumeshafunga hata ziwa pamoja, nchi zote nne, ili dagaa na migebuka wazaliane. Majirani wa namna hiyo hawaelezwi kwa kurasa mbili za takwimu zilizokopwa.

Kwa hiyo naiomba meza yako mambo matatu, Ndugu Mhariri. Chapisheni bei ya faranga kwenye ukurasa wa biashara kila wiki, ya benki na ya mtaani, mkiilinganisha na shilingi. Wabadili fedha wa Manyovu watawapa bila taabu. Ulizeni serikali zote mbili masharti ya mkopo wa reli, na mkataba wa Musongati utakaposainiwa uchapeni vifungu vya mrabaha, yaani sehemu ya mapato ya madini inayolipwa serikali. Na mtumeni mwandishi akae wiki nzima Kobero, ahesabu malori yanayoingia Burundi yakiwa yamejaa na yale yanayotoka, na awaulize madereva wamebeba nini wanaporudi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mfanyabiashara wa nafaka,
Ujiji, Kigoma