Nahisi nimeua mswaki wa bibi

Bahi, Agosti

Swahiba Athumani,

Mbukwa! Sisi wazima, ni vumbi na upepo tu. Kuku wangu saba wamekwenda na kicheche, lakini hayo tuyaache. Nina jambo na siwezi kumwambia mtu wa hapa.

Ule mti wa mswaki wa bibi nyuma ya zizi, tuliokuwa tukigombania matunda yake. Yale madogo mekundu, matamu kwanza, halafu ulimi unawasha kama umelamba pilipili manga. Bwana, nahisi nimeuua.

Shemeji wa mjini aliniagiza mafungu 50 ya kuuza nje ya msikiti. Eti wateja wake hawataki vijiti vya tawi, wanataka mzizi: mlaini, ukiutafuna kidogo tu ncha imeshachambuka kama brashi. Unajua bibi alivyotuchapa kwa hili: chimba upande mmoja, kata mzizi mmoja, fukia, nenda zako. Mimi nikachimba pande tatu. Mikono ilinuka figili hadi jioni, nikajiona tajiri.

Sasa wiki ya tatu. Migunga yote imepukutika, na msimu huu mswaki ndio huwa kijani peke yake, mbuzi wanasimama miguu miwili kuyafikia majani yenye chumvichumvi. Mwaka huu hawasogei. Jana nilishika jani, lile nene unalolijua, likavunjika kama karatasi. Nimemwaga ndoo mbili usiku ili mama watoto asinione namwagilia kichaka na maji tunanunua. Aliniona.

Na shemeji hajalipa! Nusu ya mafungu yamemkaukia, anasema mteja anataka mibichi. Nimemwambia ailoweke. Hanisikii.

Tena pale ndipo bibi alipokuwa akichimba dawa yake ya tumbo... basi.

Mama yako bado ana kumbukumbu? Muulize taratibu, usinitaje. Ukikatwa juu huchipua, hilo nimeliona mwenyewe. Ila ukikatwa mizizi? Nipunguze matawi, au nitamalizia kuuua? Huko Tanga ukipata matunda yake mabivu, utanitumia kwa basi? Mbegu zikauke kwanza au zipandwe hivyohivyo? Na unakuja lini, maana ukija kabla ya mvua utapita nyuma ya zizi, nikuambie nini?

Wako,
Mazengo