Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Haki Ipimwe kwa Futi Kamba

Ndugu wajumbe wa Mkutano Mkuu wa chama chetu cha watu wenye ulemavu, viongozi wa matawi, wakalimani wetu wa lugha ya alama na wageni waalikwa,

Hesabu za fedha na idadi ya wanachama hai mtasomewa na Mweka Hazina na Katibu, kwa hiyo sitazirudia. Nitaeleza kazi iliyofanyika mwaka huu na pale ilipokwama.

Sheria tunayo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010. Barua zetu za miaka iliyopita ziliomba "miundombinu rafiki", na majibu yalikuwa mazuri siku zote, maana ombi lisilo na kipimo halimgharimu mtu kulikubali. Safari hii Kamati Tendaji iliamua kwamba barua isiyo na vipimo haitoki ofisini. Matawi ya Dodoma Mjini, Chamwino, Bahi na Kongwa yamepewa futi kamba, pimamaji na ubao ulionyooka wa sentimita 120.

Ubao ule una kazi yake. Njia ya mteremko ya kiti mwendo isipande zaidi ya sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu. Laza ubao juu ya mteremko, ncha ya juu iguse saruji, kisha inua ncha ya chini mpaka povu la pimamaji likae katikati. Pima pengo chini ya ncha hiyo. Likizidi sentimita 10, mteremko ni mkali, na hapo hakuna cha kubishaniwa. Kosa linalojirudia ni la nafasi. Jengo limeinuliwa sentimita 60, mteremko wake unahitaji mita 7.2, fundi ameachiwa mita 3 kati ya baraza na bustani ya maua. Anajenga kinachoenea. Mwenye kiti hapandi bila kusukumwa, na akijaribu kushuka peke yake anapinduka kifudifudi. Mahali palipobana, mteremko ukunjwe, na kila kona iwe na sehemu bapa ya mita 1.5 kwa mita 1.5. Mchoro ukishapita bila hilo, kurekebisha baadaye ni kubomoa, ndiyo maana tunataka tuone ramani kabla ya msingi kuchimbwa.

Kuna na suala la niru, yaani saruji inayosuguliwa juu ya sakafu mpaka iwe laini. Mafundi wetu wanaona kazi haijakamilika hadi sakafu ing'ae. Niru ikinyeshewa, au ikifunikwa na hili vumbi letu jekundu, magongo yanateleza. Saruji ipigwe ufagio mgumu ingali mbichi, mistari ikikata njia kwa upana. Pembeni uachwe ukingo wa sentimita 10 gurudumu lisichomoke, na vishikio viwe kwenye kimo cha sentimita 90 hivi. Na tafadhali, mteremko usiishie kwenye mchanga: magurudumu madogo ya mbele yanazama kabla hayajaigusa saruji.

Vyoo vina habari yake. Mlango uwe na upana wa sentimita 90 na ufungukie nje, kwa kuwa ukifungukia ndani na mtu akaanguka, mwili wake ndio unaouzuia usifunguliwe. Ndani ibaki duara la kipenyo cha sentimita 150 la kugeuzia kiti. Vyuma vya kushikia mara nyingi vinafungwa kwa skrubu fupi na plagi za plastiki zinazoishia kwenye plasta, na mtu mzima akijivuta vinang'oka. Vinahitaji bolti ndefu zinazoingia kwenye zege au kupita tofali upande wa pili. Ila ujenzi si tatizo kubwa kuliko kufuli. Choo chenye alama ya kiti mwendo kimekuwa stoo ya mafagio na ndoo, ufunguo anao mhudumu aliyekwenda kula. Fomu yetu ya ukaguzi sasa inaanza na swali moja: ufunguo uko wapi?

Kuhusu viti mwendo, Kamati Tendaji imesimamisha kupokea viti vya msaada vya saizi moja. Najua uamuzi huu umewaudhi baadhi ya wanachama. Mtoto akiwekwa kwenye kiti cha mtu mzima anaegemea upande mmoja, na uti wa mgongo unapinda kadiri anavyokua. Mtu asiyehisi makalio akikalia kitambaa kitupu bila mto unaofaa anapata kidonda cha mgandamizo, na kidonda hicho kinaweza kufika kwenye mfupa. Mtumiaji apimwe upana wa nyonga, urefu wa paja na urefu wa mguu kuanzia nyuma ya goti hadi kisigino. Akikikalia, afundishwe kujiinua au kuegama kila baada ya nusu saa hivi, na kukagua ngozi kila siku kwa kioo. Kwa vijiji vyetu vyenye miba ya migunga, tairi za kujaza hewa ni starehe lakini zinapata pancha kila mara. Anayezichagua awe na pampu na viraka nyumbani. Beringi zisafishwe na kupakwa grisi kabla ya kiangazi kuisha, kwa kuwa mchanga ukishaingia kiti kinakuwa kizito na mabega ndiyo yanayolipa.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo kati ya hizo 10 asilimia 2 ni yetu watu wenye ulemavu, ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Haina riba. Vikundi vyetu vinakwama kwenye vitu vidogo: katiba ya kikundi isiyosainiwa na wote, jina la akaunti ya benki lisilofanana na la cheti cha usajili, andiko la mradi lililonakiliwa kwa jirani. Muoneni Ofisa Maendeleo ya Jamii wa kata mapema, msisubiri tangazo. Wanaotaka kulima alizeti waangalie kalenda: inapandwa mvua za Desemba na Januari, kwa hiyo mkopo wenye marejesho yanayoanza kabla ya mavuno utalipwa kwa kuuza mbuzi. Na mwanachama anayeazima jina lake kwa kikundi cha watu wasio na ulemavu ajue kuwa deni litaandikwa kwake pia.

Ajira haikusogea sana. Sheria inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Asilimia 3 ya 20 ni 0.6, na wapo waajiri wanaojificha kwenye sehemu hiyo ya mtu. Kwa wenye wafanyakazi 34 na kuendelea hesabu inatoa mtu mzima, hivyo tumeanza na hao.

Wanachama viziwi wamelalamika, na wana haki, kwamba mkalimani anakumbukwa asubuhi ya kikao. Mwaliko wa kikao chochote utaje mkalimani na malipo yake. Kikao kikizidi saa moja wawe wawili, wapokezane kila dakika 20 hadi 30, maana mikono na akili vinachoka na tafsiri inaanza kudondosha maneno. Mkalimani asimame mwanga ukimwangukia usoni, asiwe na dirisha nyuma yake.

Kwa wenzetu wenye ualbino, mikutano ya hadhara ya matawi sasa ni kabla ya saa 4 asubuhi au baada ya saa 10 jioni. Kofia ya ukingo mpana na mikono mirefu vinabaki vya lazima hata mafuta ya kukinga jua yakiwepo, na kidonda cha ngozi kisichopona kwa mwezi mmoja kipelekwe hospitali, si duka la dawa.

Yapo mawili yanayosubiri kura zenu leo: ada ipande ili kulipia wakalimani wa vikao vya matawi, na kila tawi lichague mkaguzi wa majengo mmoja ambaye mwenyewe anatumia kiti mwendo au magongo. Kamati Tendaji inaunga mkono yote mawili.

Naomba kuwasilisha.