Anayekwenda kusoma masomo ya Ulaya aanze na lugha

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, maana jambo hili liko rohoni tangu juzi, dogo mmoja wa hapa mtaani kwetu Makorora kapata nafasi ya kwenda kusoma digrii ya masomo ya Ulaya, yaani masomo kuhusu siasa, sheria na uchumi wa bara hilo, akaniletea karatasi zake tukakaa barazani mpaka magharibi tunapanga kozi za miaka mitatu, na nikaona anaelekea kosa lile lile nililofanya mimi.

Digrii za kule Ulaya nyingi ni krediti 180, yaani 60 kwa mwaka, 30 kwa semista, na krediti moja ni saa kama 25 mpaka 30 za kazi, darasani na kujisomea. Sasa yeye semista ya kwanza kajaza sheria za Umoja wa Ulaya, uchumi na nadharia za siasa, Kijerumani kakisukumia mwaka wa tatu eti nafasi ikibaki. Nikamwambia hapana mdogo wangu, nadharia hata ukichelewa utaikuta kitabuni, lugha inataka muda.

Mimi niliiacha mwisho nikapata ya kuombea maji tu. Ilipofika tasnifu nikachagua reli yetu hii iliyoanza kujengwa hapa Tanga 1893 ikafika Moshi 1911, babu yangu mzaa baba aliifanyia kazi, na nilijua majalada ya serikali ya Mjerumani yapo Nyaraka za Taifa pale Dar. Kweli yapo. Nikaletewa jalada la kwanza, nikafungua, Mhariri sikusoma hata mstari mmoja. Na sio lugha peke yake, ni mwandiko, ule wa kizamani unaoitwa Kurrent, herufi e unaweza kudhani ni n, hata Mjerumani wa leo kama hajafundishwa unamshinda. Nikarudi nyumbani nikaandika kwa kutegemea vitabu vya Kiingereza, habari za reli ya kwetu nikasimuliwa na watu wa mbali, na mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo tukaigeuza karatasi tukapanga kuanzia nyuma. Semista ya sita tasnifu, ya tano anakwenda chuo kingine kwa kubadilishana wanafunzi, na ukitaka kusoma kozi zinazofundishwa kwa Kijerumani mara nyingi wanadai ngazi ya B2, yaani ya nne kati ya ngazi sita za kupima lugha, basi hesabu mwenyewe, kutoka sifuri mpaka B2 huwezi kuanza mwaka wa pili. Kijerumani kikaingia kila semista kuanzia ya kwanza, nadharia moja tukaitoa.

Sheria tumemsogezea mbele kidogo, kwanza ajue taasisi zenyewe, maana majina yanachanganya sana. Baraza la Ulaya la Strasbourg, lile la 1949, sio chombo cha Umoja wa Ulaya kabisa, halafu Umoja wenyewe una baraza la wakuu wa nchi na baraza la mawaziri, na watu wanafeli mitihani hapo.

Kozi ya biashara nimemwambia asiiache. Ule mkataba wa EPA, yaani wa ubia wa kiuchumi, kati ya Umoja wa Ulaya na Afrika Mashariki, Tanzania ilikataa kusaini 2016, Kenya baadaye ikaingia wa kwake ulioanza kazi Julai 2024, sasa nani atatusomea mikataba kama hiyo kifungu kwa kifungu akiwa upande wetu wa meza kama sio vijana hawa?

Dogo anaondoka Septemba. Kama kuna msomaji hapa Tanga anafundisha Kijerumani jioni, au mzee anayejua kuusoma ule mwandiko wa zamani, tafadhali aandike kupitia gazeti hili, ada tutachanga wana mtaa.

Msomaji wako,
Makorora, Tanga