Barua ya wazi kwa Afisa Utamaduni wa Mkoa wa Tabora: mimi si mpangaji wa mtu

Ndugu Afisa Utamaduni,

Salaam kutoka Isevya. Mimi ni mpiga besi. Mwaka jana niliitwa kwenye studio moja, sitaitaja, nikapige besi katika albamu ya kijana wa hapa hapa mjini. Nikapiga. Kisha nikakaa siku tatu nikielekeza gitaa liingie wapi, waitikiaji wanyamaze wapi. Albamu ilipotoka, mbele ya jina langu waliandika "Mpangaji", yaani aliyepanga muziki, basi. Jirani yangu aliposoma akaniuliza nimehama lini kwangu, na huyo kijana ananitoza kodi shilingi ngapi.

Nilicheka. Ila besi haikutajwa popote.

Kubwa zaidi ni hili neno "prodyusa". Kwenye albamu hiyo wako watatu: aliyetengeneza biti, mwenye studio, na mjomba wa msanii aliyetoa hela. Hakuna aliyedanganya. Kwenye hip-hop ya Marekani prodyusa ni mtengeneza biti. Kwenye roki ni msimamizi wa kurekodi, kazi inayofanana na ya mwongozaji wa filamu. Kwenye filamu yenyewe ni mtafuta fedha na mratibu. Mkataba wa 1996 wa WIPO, Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, unaohusu maonyesho na rekodi za sauti, nao una prodyusa wa kwake: yule aliyeanzisha na kubeba jukumu la kurekodi sauti kwa mara ya kwanza, na anaweza kuwa hata kampuni isiyojua besi wala biti. Siku wimbo ukianza kuingiza pesa, hao watatu tutawatenganisha vipi?

Enzi za bendi zetu za Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids, lebo ya santuri haikuwa na nafasi ya maneno mengi. Ndiyo maana hadi leo vijiweni tunabishana nani alipiga solo kwenye wimbo upi, na wa kuwauliza wanazidi kupungua. Hata "mtunzi" linateleza: alitunga maneno, au sauti? Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo swali hilo ataulizwa mjukuu.

Ombi langu ni dogo. Ukiwakutanisha wasanii, waambie waachane na vyeo, waandike kazi: alipiga besi, alitunga maneno, alipanga vyombo, alichanganya sauti, alitoa fedha. Waandike kabla hawajatoka studio, kila mtu atie sahihi, maana wakishafika nyumbani kila mmoja atakuwa na kumbukumbu yake.

Ukurasa mmoja unatosha. Nitauandika mwenyewe na fotokopi nitalipia. Na yule mjomba asiachwe, tafadhali. Bila hela yake tungeishia kufanya mazoezi uani.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mpiga besi, Isevya