Jaji wa miaka ya mwanzo alikuwa pia karani

Mhariri,

Makala yenu ya majaji wa Zanzibar baada ya uhuru imesomeka vizuri, ila imeishia kwenye joho na gari la serikali. Tena mmewachanganya jaji, hakimu na kadhi kana kwamba ni mtu mmoja. Jaji ni wa Mahakama Kuu, hakimu ni wa mahakama za chini, na ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu huenda kwa kadhi.

Kubwa mliloliacha ni kalamu. Jaji aliuandika ushahidi mwenyewe, kwa mkono, tangu kiapo cha shahidi wa kwanza hadi hukumu. Shahidi anasema Kiswahili, tena pengine cha lahaja ya Makunduchi kule Unguja au Micheweni huku Pemba, jaji anaandika Kiingereza. Kwa hiyo kesi ilikwenda kwa mwendo wa kalamu: swali, jibu, kimya, kisha swali jengine. Wakili mwenye haraka aliambiwa angoje.

Hapo ndipo makosa yalipoingilia. Shahidi akisema "saa mbili usiku", tafsiri ya kizembe inaandika mbili ileile kwa Kiingereza, yaani saa nane usiku, na tukio linasogea saa sita mbele. Saa mbili watu wanatoka kusali Isha, njia imejaa na taa za maduka zinawaka. Saa nane usiku nani amemtambua nani? Au "alinishika mkono": kiganja, au popote mpaka begani? Kwenye kesi ya jeraha hilo si dogo. Kwa Pemba kuna "shamba". Mikarafuu inaweza kuwa ya mtu mmoja na ardhi ya mwengine, na jaji asiyeuliza "miti au ardhi?" alitoa amri isiyotekelezeka. Baada ya Mapinduzi watu walipogaiwa eka tatutatu, swali hilo likazidi kuwa zito.

Jaji makini aliliacha neno la Kiswahili kama lilivyotamkwa, akalifungia alama za kunukuu, tafsiri ikafuata. Mahakama ya rufaa kwa kawaida haimsikilizi shahidi upya, inasoma tu mwenendo wa kesi, yaani hayo maandishi ya jaji. Na jaji akihamishwa kesi ikiwa nusu, anayepokea hakuuona uso wa shahidi. Mwandiko ukiwa mbaya, ama mashahidi waitwe tena ama kesi ianze upya, na mashahidi wenyewe pengine wameshahama au wamefariki.

Jengine: mmeandika kama kwamba mfumo ulikwenda moja kwa moja. Uhuru ni tarehe 10 Disemba 1963, Mapinduzi ni 12 Januari 1964. Siku 33! Jaji aliyeanza kuizoea katiba ya uhuru aliamka hana katiba hiyo. Mwaka 1970 zikaanza Mahakama za Wananchi, waamuzi wakiwa watu wasiosomea sheria, na mawakili hawakuruhusiwa. Ndivyo ilivyoendeshwa kesi ya uhaini iliyofuatia kuuawa kwa Mzee Abeid Karume, Rais wa kwanza baada ya Mapinduzi, tarehe 7 Aprili 1972. Kulikuwa na faida moja tusiyopenda kuikiri: mshitakiwa aliisikia kesi yake kwa lugha yake. Lakini hakuwa na wa kumsemea, na hiyo faida haiilipi hasara hiyo.

Mfumo wa Mahakama Kuu yenye mawakili na rufaa ulirudi kwa Katiba ya 1984 na sheria za 1985. Marehemu Augustino Ramadhani, Jaji Mkuu wa Zanzibar kuanzia 1980 hadi 1989, aliyavuka mageuzi hayo akiwa kitini. Kumwandika yeye bila kuandika alivuka kutoka wapi kwenda wapi ni kumpunja.

Mkiirudia mada hii, ombeni kuona faili moja la zamani badala ya picha ya joho. Pini za chuma zimeshatia kutu na kuzila karatasi pembeni, na pembeni ndipo jaji alipokuwa akiandika hali ya shahidi: amesita, amelia, amekataa kujibu. Faili za namna hiyo zipigwe picha ukurasa kwa ukurasa kabla hazijafunguliwa mara nyingi, pini zitolewe kwa mkono, zisivutwe.

Makarani wastaafu wa mahakama,
Chake Chake, Pemba