Vichekesho vya runinga: tutazame Wamalei walivyofanya

Ndugu Mhariri,

Msomaji wenu aliuliza kwa nini vichekesho vya runinga vya hapa Zanzibar havivuki msimu mmoja, na waliomjibu karibu wote wamesema wachekeshaji wetu wa leo hawana kipaji. Sikubaliani nao. Kipaji kipo tele, barazani, kwenye madau na katika shughuli za harusi. Kinachokosekana ni kazi ya kabla ya kamera kuwashwa na ya baada ya kuzimwa. Na mahali pazuri pa kuichungulia kazi hiyo ni kwa Wamalei, nchini Malaysia. Kule nako Ramadhani ndiyo inayopanga ratiba ya runinga, watu wa mkoa mmoja huwatania wa mkoa mwingine kwa lafudhi, na bibi hukaa sebule moja na mjukuu, kwa hiyo mzaha wa matusi haupiti.

Tena tusiseme walitutangulia kwa mitambo. Televisheni Zanzibar ilianza 1973, na ilianza na rangi, ya kwanza kusini mwa Sahara. Malaysia walikuwa na runinga tangu Disemba 1963, lakini rangi waliipata 1978. Dar es Salaam ilikaa bila kituo mpaka 1994.

Mzizi wa vichekesho vya Kimalei ni P. Ramlee, aliyezaliwa Penang mwaka 1929 na kufariki Kuala Lumpur tarehe 29 Mei 1973, umri wa miaka 44. Alikuwa mtu wa sinema: filamu zake nyingi alizitengeneza katika studio ya Jalan Ampas, Singapore, iliyokuwa ya kampuni ya filamu ya Shaw Brothers, kisha 1964 akahamia Kuala Lumpur. Waliozaliwa baada ya kifo chake wamemjua kwa runinga, maana filamu hizo hurudiwa mpaka watu wanawatangulia waigizaji kusema. Katika mfululizo wa Bujang Lapok, ulioanza 1957, yeye, Aziz Sattar na S. Shamsuddin ni makapera watatu waliopitwa na umri wa kuoa. Ile ya 1959, Pendekar Bujang Lapok, ina tukio la skuli ya watu wazima wanaofundishwa kusoma kwa herufi za Kiarabu, ambazo wenyewe huziita Jawi. Jitu zima linataja herufi moja moja, kwa kujiamini kama mtoto wa chuo cha Kurani, halafu neno linalotoka halina udugu na herufi zilizotajwa. Aliyepita chuoni, awe wa Makunduchi au wa Micheweni, atacheka bila ya kujua Kimalei hata chembe.

Tukio hilo lifunguliwe kama saa, lionekane linavyokwenda. Mwalimu yupo pale kufundisha, hachekeshi. Mwanafunzi naye hajui kama anachekesha. Anajibu kwa heshima zote. Hakuna anayemkonyeza mtazamaji. Kwetu mambo huwa kinyume: mchekeshaji anatoa neno, anacheka mwenyewe, mwenzake naye anacheka, neno linarudiwa mara ya pili kwa sauti ya juu zaidi, kisha linafafanuliwa. Mzaha uliofafanuliwa umekwisha kazi. Kanuni ya kumwongoza mwigizaji hapa ni ndogo sana: anayetenda upuuzi aamini kwamba anafanya jambo la maana.

Runinga yenyewe ikazaa Pi Mai Pi Mai Tang Tu, kipindi kilichoanza 1985 katika TV3, kituo kilichokuwa na mwaka mmoja tu hewani, kikaendelea hadi 2002. Hata jina lake ni la lahaja ya kaskazini, ya Penang na Kedah, si Kimalei cha ofisini. Siri ya umri wake mrefu ni nyumba. Watu ni wale wale, wa jengo moja la fleti, Wamalei, Wachina na Wahindi, na kila wiki jambo moja dogo linaingia: deni, mgeni, posa, choo kibovu. Mtazamaji hahitaji kufundishwa upya fulani ni nani. Sisi tunazo nyumba za fleti za Michenzani, ngazi moja na majirani wa kila aina, na bado kila kipindi kipya kinaanza na watu wapya katika nyumba ya kukodi, ambayo mwenyewe akiihitaji baada ya wiki mbili kipindi kimekufa.

Njia ya tatu, baada ya sinema na kipindi cha nyumba moja, ni mashindano. Mwaka 2007 Astro, kampuni ya runinga ya kulipia, walianzisha shindano la wachekeshaji la Raja Lawak, na mshindi wa kwanza akawa Nabil Ahmad, kijana ambaye msemo wake wa kumwachia mtazamaji afikirie mwenyewe uligeuka msemo wa mitaani. Baadaye akawa mtangazaji wa kipindi cha burudani cha MeleTOP. Zizan Razak wa Terengganu naye alipitia Raja Lawak kabla ya kuungana na mchekeshaji mwenzake Johan na wote wawili kuitwa Jozan. Faida ya shindano la namna hiyo si zawadi. Faida ni kwamba mshiriki analazimika kuleta kitu kipya kila wiki, na anayetegemea visa vitatu anavyovijua anaumbuka mapema. Shindano la usiku mmoja, kama tunavyopenda kufanya sikukuu, humpata mwenye dakika tano nzuri, na dakika tano hazijazi msimu.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo tunapoanguka.

Kipindi cha nusu saa, ukitoa matangazo na majina ya mwisho, ni dakika 22 hadi 24. Ukurasa mmoja wa muswada huhesabiwa dakika moja, lakini maneno ya vichekesho hukimbia, kwa hiyo ziandikwe kurasa 26 hadi 28. Sehemu za kurekodia zisizidi tatu: baraza, ukumbi na duka zinatosha. Siku ya kwanza waigizaji wakae mkekani wausome muswada wote kwa sauti, bila ya kuigiza, na mtu mmoja ashike saa. Sentensi ambayo hakuna aliyeitabasamia na haisogezi kisa ifutwe hapo hapo. Kisha litazamwe neno linalochekesha limekaa wapi. Likiwa katikati ya sentensi, mtazamaji anacheka na maneno yaliyobaki yanapotea. Lisogezwe liwe la mwisho. Hii ni kazi ya dakika chache kwa kila ukurasa, na ndiyo inayorukwa kuliko zote kwa kisingizio cha "tutajazia pale pale". Anayeweza kujazia pale pale bila ya muswada ni mmoja katika wengi. King Majuto wa Tanga, Mungu amrehemu, aliweza. Wanaomuiga wengi wao hawawezi.

Upande wa picha, kichekesho kinakaa kwenye uso wa anayesikia kuliko wa anayesema. Kama kuna kamera tatu, moja ichukue wote na mbili zishike nyuso. Kama ipo moja tu, ndivyo ilivyo kwa vikundi vyetu vingi, tukio lirudiwe mara tatu: kwa wote, kwa huyu, kwa yule. Hapo awepo mtu wa kuangalia kikombe kilikuwa na chai kiasi gani na kofia ilielekea wapi, maana kwenye kuunganisha picha, chai hujaa na kupungua yenyewe. Baada ya neno la kuchekesha kamera isikatwe. Iachwe sekunde mbili usoni kabla ya tukio linalofuata. Kazi ya sekunde hizo haiwezi kufanywa na kicheko cha mkebe, yaani kicheko kilichorekodiwa na kubandikwa, na kwa maoni yangu kicheko hicho kiachwe kabisa. Nyumbani watu wanajua wenyewe wapi pa kucheka.

Sauti ndiyo inayoua zaidi. Mtazamaji husamehe picha yenye ukungu, lakini neno asilolisikia hawezi kulicheka. Nyumba za mawe na chokaa za Mji Mkongwe ni nzuri kwa macho, ila ukumbi mtupu unarudisha mwangwi. Tandika mazulia na mikeka, tundika mablanketi mazito nyuma ya kamera. Maiki ndogo ya kifuani inasuguana na kanzu iliyopigwa wanga na inakwaruzwa na buibui. Ibanwe kwa utepe ndani ya kitambaa, waya upinde kitanzi kidogo chini yake. Feni na friji zizimwe, na ufunguo wa gari uwekwe ndani ya friji, ili asiondoke mtu kabla ya kuiwasha na samaki wa mwenye nyumba wasije wakaharibika. Kabla ya kuhama chumba rekodini nusu dakika ya ukimya wa chumba hicho, itaziba mapengo wakati wa kuunganisha. Adhana za mjini hazianzi pamoja, msikiti mmoja unamaliza na mwengine unaanza, basi wakati wa Adhuhuri na Alasiri pangeni mapumziko ya kusali na kula badala ya kubahatisha. Pwani wakati wa kusi, maiki isiyovishwa manyoya itarekodi upepo mtupu. Na chini ya mabati msithubutu kupanga kazi za ndani miezi ya masika. Pemba mvua ikishuka hata anayepiga kelele hasikiki.

Jambo la lahaja linahitaji heshima. Kule Malaysia mchekeshaji wa Kelantan au Terengganu huingia runinga ya taifa na maneno ya kwao, na nchi nzima inamfuata. Kwetu Mpemba wa runinga mara nyingi ni mtu wa Ng'ambo anayeigiza Upemba, anavuta maneno mahali ambapo hayavutwi, na siku zote yeye ndiye mshamba wa kisa. Watu wa Konde na Wete wanaizima runinga, na hao ni watazamaji waliopotea. Atafutwe Mpemba, Mtumbatu au Mmakunduchi mwenyewe, aseme anavyosema kwao, na mara nyingine awe yeye mjanja na mtu wa mjini ndiye anayezidiwa akili. Neno gumu lisifafanuliwe. Kitendo kilichopo mbele ya kamera kilibebe. Mtu akitajiwa chombo halafu akakichukua mkononi, hata mtoto wa Dar ameelewa.

Ratiba nayo. Vikundi vingi hurekodi kipindi cha wiki hii wiki hii hii. Akiugua mmoja, hewani panakuwa patupu na kituo kinatafuta kitu kingine. Virekodiwe vipindi 13, robo ya mwaka nzima, kabla ya cha kwanza kwenda hewani. Kurekodi kwa ajili ya Ramadhani pekee, kwa sababu ndiko wadhamini waliko, kunawapa waigizaji mwezi mmoja wa kazi na kumi na moja ya kusubiri. Wamalei nao wana vipindi vyao vya sikukuu, lakini vinakaa juu ya msimu wa mwaka mzima.

La mwisho ni karatasi. Wasanii wa Jalan Ampas waliajiriwa kwa mshahara, na filamu zikabaki mali ya kampuni. Zimeonyeshwa kwa miongo, na P. Ramlee mwenyewe alifariki akiwa hana kitu. Hapa tuna Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya 2003 na jumuiya ya hakimiliki, COSOZA, na bado mwigizaji anapokea posho ya siku, anatia saini karatasi ya mahudhurio, basi. Muswada usajiliwe kwa majina ya waandishi wote kabla ya kupelekwa Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, wala si baada ya mdhamini kupatikana, kwani wakati huo kila mtu ni mwandishi. Mkataba utenganishe mambo matatu: kuonyeshwa mara ya kwanza, marudio, na vipande vinavyowekwa mitandaoni, kila kimoja na malipo yake. Marudio yaandikwe kwa idadi na kwa muda, kwa mfano mara mbili ndani ya miezi 12, kisha mazungumzo mapya. Kituo kikiandika "kila itakapohitajika", kalamu iwekwe chini kwanza.

Wenu,
Mwandishi wa michezo ya kuigiza
Chake Chake, Pemba